Babu wa Kuazima

Saenkham aliusukuma ubawa wa kulia wa mlango wa hekalu mpaka ukagota ukutani, kisha akausukuma tena, kana kwamba ukuta nao ungesogea kidogo ukiombwa vizuri.

"Utautoboa," alisema Mjomba Pankaeo, mfagiaji wa hekalu. Alikuwa ameegemea ufagio wake juu ya ngazi, katikati ya majoka mawili ya chokaa. "Ukuta umekaa hapo miaka mia nne. Haujamkosea mtu."

"Leo huu mlango usifungwe, Mjomba. Hata upepo ukija."

"Upepo nitauambia wewe ndiye umekataza."

"Na wewe ukiulizwa?"

Pankaeo alihamisha tonge la majani ya chai aliyokuwa akitafuna kutoka shavu moja hadi jingine. "Nikiulizwa, bwana mwenye kiko ni babu yako. Na yule mkosi wa nyuma ya mlango ni wetu sisi. Mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo kila mtu amrudishe babu wa mwenzake."

"Jogoo nitakuletea jioni."

"Akae kwangu wiki mbili."

"Wiki mbili, na asichinjwe."

Wakapeana mkono juu ya biashara hiyo, ambayo pengine haikupata kufanyika mahali pengine popote katika mkoa wa Nan. Lakini pale kijijini Dong Kaeo ilikuwa na maana yake. Zamani za babu wa mababu, mchoraji mmoja ambaye jina lake halikubaki aliteremka na mtumbwi, akaombwa azipambe kuta za hekalu. Juu alichora maisha ya kale ya Buddha kama alivyoagizwa, wafalme na tembo na viumbe wa mbinguni. Chini, pale macho ya mtu aliyeketi yanapotua, akawachora wenyeji wake, maana alikuwa akila nyumba hii leo na ile kesho, na alitaka kushukuru. Aliyemlisha vizuri alitoka na sura nzuri. Aliyempimia wali kwa kijiko alitoka na pua ya kutundikia kofia. Tangu hapo kila ukoo una mtu wake ukutani, na sikukuu ya maji ikifika kila watu huweka maua chini ya mtu wao, huku wakimtupia wa jirani jicho la pembeni.

Ukoo wa Pankaeo ulijaliwa bwana mwenye kiko. Amesimama ukuta wa magharibi, chanjo za wino zimemjaa kutoka kiunoni hadi magotini, ua limechomekwa sikioni, na macho ni ya mtu aliyezaliwa akitazamwa. Wageni wote hupiga picha naye.

Ukoo wa Saenkham ulipata yule wa nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, ubawa humfunika. Tangu utotoni Saenkham aliuona huo kuwa wema mkubwa kuliko wote aliopata kufanyiwa na seremala.

Na uongo wenyewe hakuupanga. Ulimi wake ulikuwa na tabia ya kufika mahali kabla ya mwenyewe. Alikwenda Phrae, mkoa wa jirani, kujitambulisha nyumbani kwa mchumba wake Kannika, na mama yake Kannika, Mama Thongbai, akamsogezea kikapu cha wali wa kunata na kumuuliza, "Kwenu ni watu gani?" Saenkham akasikia kinywa chake kikijibu kwamba kwao ni watu wa yule bwana mwenye kiko, anayejulikana mkoa mzima. Mama Thongbai akasema basi siku moja atakuja kumsalimu.

Katika nchi ile anayehama ni mwanamume. Mwana wa kiume huchukua nguo zake na kwenda kulala chini ya paa la mama mkwe. Ndiyo maana Mama Thongbai alimchunguza mchumba kama mtu anayenunua nguzo ya nyumba. Tayari alishamrudisha mwalimu mmoja kwa sababu alikuwa akiburuta miguu kwenye sakafu ya mbao. Leo ilikuwa zamu ya Saenkham, na jibu lingetolewa leo hii, kabla mama hajapanda gari kurudi Phrae.

Mama na binti walifika ukungu ukianza kuinuka mtoni. Mama Thongbai alikuwa mfupi, mnene kiasi, amechomeka ua jeupe kwenye fundo la nywele. Hakuzipanda ngazi. Alisimama uani na kuinua kidevu.

"Hili paa limeinama," alisema.

Saenkham naye akainua kidevu. "Limeinama, Mama?"

"Kama kuku aliyekalia vifaranga. Tabaka juu ya tabaka, na la mwisho linakaribia kugusa ardhi. Siku hizi watu wanajenga mapaa yaliyosimama kama wanataka kupigana na mvua. Hili linaitelezesha tu. Lina misumari?"

"Hata mmoja. Boriti zimeumana kwa meno yake tu."

"Umeona kwa macho?"

"Nilipanda tulipobadilisha vigae. Nilitia kidole kwenye maungo nikakosa pa kukipenyeza."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na Saenkham alishangaa jinsi lilivyomtoka kwa urahisi. Kannika akapita karibu yake akiwa anavua viatu. "Endelea hivyohivyo," alimnong'oneza. "Mwambie na lile jingine."

"Lipi jingine?"

"Wewe unajua lipi."

"Baada ya harusi," alisema Saenkham.

Ndani kulikuwa na baridi ya maji ya mtungi. Walipiga magoti, wakainama mara tatu mbele ya Buddha mkubwa, wakaketi miguu imekunjwa nyuma. Madirisha ya hekalu lile ni mipasuko tu katika kuta nene, na asubuhi mwanga huingia kwa vipande, kipande kimoja kikitua juu ya nguzo. Nguzo zilikuwa nyekundu ya giza, zimepigwa maua ya dhahabu yaliyochakaa kwenye kimo cha mgongo, pale vizazi vya watu vilipoegemea vikisikiliza mahubiri. Juu zaidi, dhahabu ilikuwa nzima. Ukutani buluu ya mchoraji ilionekana kama bado mbichi. Saenkham alikuwa ameingia humu tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, lakini sasa alijikuta akiangalia kwa macho ya mgeni, na kifua kikamjaa. Mtu anaweza kujivunia kitu ambacho hakukijenga, alifikiri, na hapohapo akaanza kujivuna.

"Yule pale, Mama," alisema. "Babu yetu."

Mama Thongbai akamtazama bwana mwenye kiko, akatazama chanjo, ua, na macho. "Mzuri," alisema. "Anajijua."

"Ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji hiki. Alikuwa na tembo wawili. Akitembea, watu wanakaa. Wanawake walikuwa wakivunja mitungi kisimani kwa kumgeukia."

"Mitungi mingi?"

"Wafinyanzi walitajirika, Mama. Na hawa wengine wote unaowaona hapa chini walikuwa watu wake. Huyu na huyu, hata ukoo wa mzee anayefagia pale nje. Babu zao ndio walikuwa wakimbebea kiko."

Sauti ya ufagio nje ikanyamaza.

Kannika alifumba macho kama mtu aliyeona bakuli likiteleza mezani. Saenkham akaligundua kosa lake kwa kuchelewa, akakohoa, akaanza kueleza habari za chokaa. Ufagio ukaanza tena, lakini sasa ulifagia taratibu sana, na ulikuwa unasogea kuelekea mlangoni.

Mama Thongbai aliwatazama wasichana wanaosokota pamba, akamtazama mchuuzi anayelala juu ya mzigo wake, akacheka kwa pua mbele ya mtoto anayechapwa huku anakula. Kisha akageuka, na uso wake ukabadilika kabisa. Alikuwa ameuona mlango.

"Ehee," alisema. "Na huyu mkubwa je?"

Baba yake Mama Thongbai alipasua mbao maisha yake yote, na yeye mwenyewe alikulia ndani ya vumbi la msumeno. Akausogelea ule ubawa, akapitisha kiganja juu ya maua na ndege waliochongwa, kina juu ya kina, mzabibu ukipita nyuma ya mkia wa ndege na kutokea mbele yake.

"Ubao mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Kannika, njoo uone. Mtiki mmoja, kutoka juu mpaka chini. Mti wa namna hii baba yangu alikuwa anauota tu."

"Ni kweli, Mama," alisema Saenkham haraka. "Na nje kuna kengele nzuri sana."

"Nataka kuona mgongo wake."

"Wa kengele?"

"Wa mlango, we mtoto. Mbele kila fundi anajipamba. Mgongoni ndiko anakosahau kwamba atatazamwa. Nataka kuona kama alipiga tezo au alipasua kwa msumeno. Ufunge kidogo."

"Bawaba zake mbovu, Mama."

"Zimekuwa mbovu lini?" Pankaeo aliuliza kutoka kizingitini. Alikuwa ameshaingia, mikono nyuma, uso mtulivu kama wa mtawa. "Juzi tu nimezipaka mafuta."

Akaukamata ule ubawa kwa kidole kimoja, ukaja wenyewe, bila hata kulia.

Mgongo wa mlango ulikuwa umepigwa tezo, mapigo madogomadogo yaliyolala kama magamba ya samaki. Ulikuwa mzuri kweli. Hakuna aliyeutazama. Mama Thongbai alikuwa anatazama ukuta.

Pale palikuwa na nyumba ya juu ya nguzo na ngazi yake. Ukumbini msichana aliketi na pamba yake, kiganja kimeziba mdomo, mabega yamepanda kwa kicheko. Mbele yake mzee mwenye hasira alikuwa ameinamisha chungu, na maji yalikuwa yanateremka kwa mistari mieupe. Chini ya ngazi, kichwa chini miguu juu, kulikuwa na kijana. Mguu mmoja ulikuwa umenasa kwenye kipandio. Nguo yake ya kiunoni ilibaki juu kabisa, imening'inia kwenye msumari, na ncha yake nyingine ilikuwa mdomoni mwa mbwa. Mchoraji hakumnyima kitu. Makalio aliyachora kwa uangalifu mkubwa, kwa rangi iliyokaa vizuri kuliko zote humo hekaluni, maana hayakuwahi kupigwa na mwanga.

"Loo," alisema Mama Thongbai. "Na huyu ni wa nani?"

Saenkham akamtupia Pankaeo jicho. Pankaeo akaitikia kwa kichwa.

"Huyo ni wetu, mama. Babu yetu wa damu."

"Ilikuwaje?"

Hapo ndipo Pankaeo alipotakiwa kusema kwamba hajui, habari zimepotea. Ndivyo walivyokubaliana. Lakini kichwani mwake lilikuwa bado lile neno la kiko, na nani alimbebea nani, na akavuta pumzi kama mwimbaji.

"Alikuwa mwizi wa kuku," alisema.

"Mwizi wa kuku anapanda ngazi?"

"Kuku wa zamani walikuwa wakilala juu, mama. Huyu bwana kijiji kizima kilimjua. Mvivu, mlafi, na mwoga hata wa kivuli cha mchana. Kuoga kwake ni mpaka amwagiwe. Hayo maji unayoyaona, inasemekana ndiyo yalikuwa ya kwanza kumgusa mwaka ule."

Kannika akageukia ukuta mwingine, mabega yakimtikisika kama ya yule msichana wa pamba.

"Na binti anacheka nini?" Mama Thongbai aliuliza.

"Anacheka kwa sababu jamaa alikuja kuiba kuku akaondoka bila nguo. Nasi ndiye tuliyepewa, tufanyeje? Mwenye babu mwenye tembo ana tembo, sisi tuna huyu. Tena wanasema mbwa yule alikufa baadaye, kwa kile alichokiuma."

Saenkham alisikia masikio yakiwaka. Alijiambia anyamaze. Saa sita haikuwa mbali, mama alikuwa anaamini, jogoo alikuwa tayari. Maisha yake yote alikuwa amemwonea haya mtu huyu aliyepinduka, lakini hakuwahi kumsikia akisemwa hivyo mbele ya mgeni, kwa sababu wageni hawakumwona. Akatazama ule uso, mdomo wazi, macho yakiangalia juu ambako kwake kulikuwa chini, na akaona kwamba mtu yule, maji yakimteremkia na mbwa akiivuta nguo yake, alikuwa bado anamtazama msichana.

"Hakuwa mwizi," alisema.

"Wewe unamjuaje?" Pankaeo alimuuliza kwa upole. "Si babu yetu?"

"Hakuwa mwizi, wala hakuwa mwoga. Mwoga hapandi ngazi ile wakati mzee yuko macho. Ukisema tena neno la kuoga, Mjomba, nakuheshimu, lakini ufagio huo nitauvunja. Huyo ni babu yangu mimi."

Pankaeo akauficha ufagio nyuma ya mgongo.

Mama Thongbai akamgeukia taratibu. "Na yule wa kiko?"

"Ni wa Mjomba Pankaeo. Nilimwazima."

"Kwa kitu gani?"

"Jogoo."

Mama akamtazama Pankaeo. "Umetoa babu yako kwa jogoo?"

"Kwa nusu siku tu, mama," alisema Pankaeo. "Na ungemwona huyo jogoo."

"Wewe, Kannika. Ulijua?"

"Tangu sikukuu ya maji. Wanawake wa hapa waliufunga huu mlango wakanionyesha. Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe."

Mama Thongbai aliketi sakafuni, akaikunja miguu nyuma, akapangusa vumbi ambalo halikuwapo kwenye sketi yake. Saenkham akapiga magoti mbele yake. Aliona wazi barabara ya Phrae ikijifunga, na yule mwalimu wa kuburuta miguu akimngoja ng'ambo ili wafarijiane.

"Umenidanganya nyumbani kwangu," mama alisema, "wali wangu ukiwa mdomoni. Leo umenidanganya tena, mbele ya Buddha, magoti yakiwa chini. Nyumbani kwangu kuna vyumba viwili na mimi nina masikio makali. Nikae na mwongo nifanye naye nini?"

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui. Haya, nipe habari ya kweli ya huyu mtu. Na usitie chumvi, maana chumvi yako nimeshaijua ladha yake."

Saenkham alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ukangoja. Akaanza polepole.

"Alikuwa anaitwa Noi Chai. Alikuwa mkulima, shamba lake dogo. Alimpenda huyo binti, na baba yake binti hakumtaka. Wenzake walikuwa wakienda kukaa ukumbini kwa msichana wakati anasokota pamba, wanatunga mashairi. Yeye alikuwa anatunga mabaya. Tunalo moja nyumbani, ni baya kweli. Siku moja mzee wa binti alimwambia akipanda tena atamwagia maji. Akapanda."

"Kisha?"

"Akavunjika mguu."

Kannika alikuwa hajaisikia sehemu hiyo. Akasogea karibu.

"Mvua zikaanza. Njia zote zikawa tope, hapakuwa na wa kumbeba. Mzee aliyemmwagia ikabidi amlaze ndani. Wakamlisha msimu mzima wa mvua. Mama yake binti akawa anamganga, binti anamletea uji, na mzee akawa anakaa naye jioni kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuongea naye. Mguu ulipopona, mzee alimwambia nenda. Akaenda mpaka shambani, akachukua nguo zake, akarudi. Mzee akamsogezea mkeka. Mchoraji alikuwa akila pale siku zile, ndipo akaichora habari hiyo. Noi Chai mwenyewe ndiye aliyemwomba asiifiche nguo iliyobaki msumarini, maana mkewe alikuwa anapenda kuikumbuka."

Kisha, kwa sababu alikuwa ameambiwa asitie chumvi, akaongeza, "Ila kuoga, Mama, inawezekana kweli hakuwa mtu wa kuoga sana."

Pankaeo akapiga ufagio chini kwa furaha. Mama Thongbai alijaribu kubaki na uso wake, ukamshinda. Alicheka bila sauti kwanza, tumbo tu, kisha ikamtoka, na akaziba mdomo kwa kiganja akimwinamia Buddha kuomba radhi, kisha akacheka tena.

"Kwa hiyo ninyi," alisema akifuta macho, "wake mnawapata kwa kuanguka."

"Mpaka sasa ndiyo njia tunayoijua."

"Na yule mwenye kiko, Mjomba, yeye alipata mke gani?"

Pankaeo akajikuna shingo. "Wanne, mama. Wote walimkimbia."

"Nilijua. Macho yale." Akainuka, akijishika kiunoni, akaenda tena kwenye kona ya nyuma ya mlango, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa yule kijana aliyepinduka. Saenkham alikuwa bado amepiga magoti, hajui kama inafaa kusimama.

Mama Thongbai akachomoa ua jeupe kwenye fundo la nywele zake, akaliweka sakafuni, chini kabisa ya kichwa cha Noi Chai. Akaviunganisha viganja mbele ya kifua.

"Mheshimiwa," aliuambia ukuta, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani juu ya uzio. "Mjukuu wako huyu amekukana tangu asubuhi, mimi shahidi. Kama bado unamtaka abaki hapa, sema sasa. Ukinyamaza namchukua mimi, maana gari letu linaondoka saa nane, na nyuma kuna nafasi ya mtu mmoja na nguo zake."

Wakasubiri kidogo, kwa adabu. Noi Chai hakuwa na pingamizi.